Mswada Umerudi, Majina Yamebaki: Maswali ya Watafiti wa Tanga

Nilifungua asubuhi maswali yenu ya kuchapisha tafiti za afya majaridani, chai mezani na mkate wa mofa pembeni. Chai ilipoa nikiwa bado kwenye swali moja tu, kwa sababu limeulizwa na watu wanane. Naanza nalo ili tuachane nalo.

Shikamoo Mwalimu. Nitajie jarida litakalonichapishia makala ndani ya mwezi mmoja. Nina maombi ya kupandishwa cheo. (Wanane, kuanzia Bombo hadi Lushoto)

Marahaba. Silijui, na wewe ukilijua likimbie. Jarida la kweli lina kazi ya kumtafuta mhakiki, yaani mtaalamu wa kuupima mswada wako, kumsubiri, kumkumbusha, na akikaa kimya kumtafuta mwingine. Miezi mitatu au minne kabla ya jibu la kwanza si ajabu. Anayekuahidi siku saba hana wahakiki, ana namba ya akaunti. Ndio hao wanaokuandikia "Mheshimiwa Profesa" wewe ukiwa bado intani, wanaisifu kazi yako ya malaria kisha wanakukaribisha kwenye jarida la meno. Na ukishanasa hutoki: makala ikishawekwa pale, majarida mengine yatakwambia imekwisha kuchapishwa, hayaitaki.

Kabla ya kutuma, fungua orodha ya wahariri wao, uwaandikie wawili watatu kuwauliza kama wanajua kuwa majina yao yapo pale. Litafute jarida wewe mwenyewe ndani ya MEDLINE (hazina ya kumbukumbu za makala za tiba) au DOAJ (orodha ya majarida yanayosomwa bure), usiridhike na nembo iliyobandikwa kwenye ukurasa wa mbele. Nembo hata mtoto wa darasa la nne anaibandika. Wenye maombi ya cheo mwezi ujao, poleni, mlitakiwa kuandika mwaka jana.

Mwalimu, mkuu wetu wa idara hakugusa utafiti huu tangu mwanzo, ila ameniambia jina lake likae la mwisho "kama ilivyo desturi". Nikikataa nitaonekana sina adabu. (Daktari kijana, Tanga mjini)

Mwanangu, hapa umenigusa penyewe.

Wahariri wa majarida ya tiba walikutana Vancouver mwaka 1978 kupatana jinsi miswada iandikwe, na kamati iliyotokana na kikao kile, ICMJE, imeweka masharti manne ya kuitwa mwandishi. Uwe umechangia kwa uzito katika kuubuni utafiti, au katika kukusanya, kuchambua au kufasiri data. Uwe umeandika rasimu au umeipitia kwa kina na kuiboresha kwa hoja. Uwe umeliidhinisha toleo la mwisho. Na ukubali kuwajibika kwa kazi nzima, siku watu watakapouliza namba hizi zimetoka wapi. Yote manne kwa pamoja, mtu hachagui analolipenda. Kuwa na ofisi yenye kiyoyozi hakukuwekwa kuwa sharti la tano.

Hiyo "desturi" ya jina la mwisho ni ya aliyeisimamia kazi. Kiti kikubwa peke yake hakimfanyi mtu awe msimamizi.

Lakini adabu unaweza kuitunza. Mpelekee rasimu, umwandikie: "Shikamoo Daktari, naomba maoni yako ndani ya wiki mbili, hasa kwenye sehemu ya mbinu na mjadala." Mwalike mapema, swali la utafiti likiwa bado linajadilika. Akisoma na kukurekebisha, umepata faida na yeye anakaribia kustahili. Asiposoma, mweke kwenye shukrani, na kabla ya kumtaja huko muombe ridhaa yake kwa maandishi, maana kumshukuru mtu kunaweza kueleweka kwamba anakubaliana na yote uliyoandika. Akikasirika, amekukasirikia ukiwa na karatasi mkononi.

Mimi nilipokuwa kijana nilizunguka vijiji vya Muheza kwa baiskeli, nikichoma watoto vidole na kusoma slaidi kwa darubini hadi macho yakatoa machozi. Makala ilipotoka ilikuwa na majina sita. Langu halikuwemo, na lilikuwemo la bwana mmoja ambaye kwa utafiti ule hakufika hata Pongwe. Taasisi siitaji, wenyewe wanajijua. Kwa haki ya kanuni, kukusanya damu peke yake kusingetosha kuniita mwandishi. Dhuluma ilikuwa pale ambapo hakuna aliyenionyesha rasimu ili nitimize masharti yaliyobaki, na kanuni inasema aliyetimiza la kwanza apewe nafasi ya kutimiza mengine. Watu husahau kifungu hicho kila mara, na kila mara wanaoumia ni wale wa baiskeli.

Mtaniambia kazi zenye watu wengi hazipangiki. Jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S lilikuwa na watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi saba, na viwili kati ya vituo hivyo ni vya kwetu, Korogwe na Bagamoyo. Makala zake kuu zilitoka kwa jina la ushirika mzima, watu wakaorodheshwa chini yake. Kama nchi saba zilipangika, nyie wanne wa wodi moja mnashindwaje? Siku ya kwanza, kabla ya dodoso la kwanza, kaeni mwandike nani atafanya nini na jina litakaa wapi, kisha kila mtu atie sahihi. Kazi ikibadilika, karatasi nayo ibadilishwe.

Programu ya takwimu inanipa p=0.000. Niandike hivyohivyo?

Andika p<0.001. Kompyuta imekata tarakimu, haikusema sifuri. Na p, inayopima kama bahati tu ingeweza kuleta tofauti kama yenu, usiitupe peke yake kama mfupa, weka tofauti yenyewe mliyoipata na wigo wake wa uhakika (confidence interval) wa asilimia 95.

Naruhusiwa kutuma mswada mmoja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja, nione nani atawahi?

Hapana. Hata kama la kwanza limenyamaza. Omba kuuondoa kwa barua, subiri wakiri, ndipo uende kwingine.

Wakati wa mafunzo ya vitendo nilipitia mafaili ya wagonjwa wa kisukari na kupata data nzuri. Sasa jarida linadai namba ya kibali cha maadili. Nikiomba leo watanipa? (Muheza)

Kibali hakirudi nyuma. Kamati ya maadili huruhusu jambo litakalofanyika, haibariki lililokwisha. Nenda kwao na ukweli wote: ulitoa nini kwenye mafaili, lini, kwa ruhusa ya nani, majina ya wagonjwa uliyahifadhi au hapana. Wao ndio wataamua kama data hiyo inaweza kutumika. Usijiandikie mwenyewe kwamba "kibali hakikuhitajika". Neno hilo ni la kamati.

Na hapa kwetu kuna mlango wa pili ambao wengi huukumbuka makala ikiwa imeshakubaliwa. Cheti cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kinakuja na sharti kwamba matokeo hayachapishwi mpaka uombe ruhusa ya kuchapisha. Soma cheti chako hadi chini, usiishie kwenye namba.

Kwa kuwa tumefika hapa, niseme na la ripoti za mgonjwa mmoja, ingawa hukuuliza. Nazipokea nyingi na zinanikosesha usingizi. Kumwekea mtu mstari mweusi machoni hakumfichi. Mkiandika "mvuvi wa miaka 58 wa Deep Sea mwenye wake wawili, aliyewahi kukatwa mguu wa kushoto", kijiwe cha kahawa kitakuwa kimeshamtaja jina kabla hamjamaliza ikisiri. Wake wawili wanahusiana nini na kidonda? Ondoeni kila kisichohitajika kitabibu, lakini msigeuze ukweli kwa kumfanya mvuvi awe fundi cherehani, maana kazi ya mtu inaweza kuwa ndiyo chanzo cha ugonjwa. Kama bado anaweza kutambulika, mpelekeeni maandishi yenyewe, msomeeni kwa Kiswahili, ndipo atie sahihi. Ile fomu aliyosaini siku ya upasuaji si ridhaa ya kuchapishwa.

Tulifanya jaribio dogo, nusu ya wagonjwa tukawakumbusha dawa kwa simu na nusu hatukuwakumbusha. Jarida linauliza namba ya usajili. Mbona hatukutoa dawa yoyote? (Bagamoyo)

Mliwapanga watu kwenye makundi ili mwone matokeo ya afya, hilo ni jaribio, hata kama silaha yenu ilikuwa simu. Usajili hufanyika kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa, na majarida yanayofuata kanuni za ICMJE yamekuwa yakilidai hilo tangu 2005. Kwa Afrika kuna daftari letu, Pan African Clinical Trials Registry. Sasa mmechelewa. Semeni hivyo waziwazi ndani ya makala na kwenye barua kwa mhariri, kisha mjiandae kukataliwa na baadhi. Nashangaa haya yanatoka Bagamoyo, mji ambao watu wake wanajua majaribio ya chanjo kuliko wanavyojua bei ya kamba.

Nimetumia akili mnemba kuninyooshea Kiingereza. Nitaje?

Taja, chombo gani na kwa kazi gani. Usikiweke kwenye orodha ya waandishi, kwa kuwa hakiwezi kuwajibika (tumerudi kwenye majina, mnaona?). Kisha kila rejea kilichokupa ifungue kwa mkono wako mwenyewe. Chombo hiki hutunga makala ambazo hazijawahi kuandikwa, na kinazipa hadi namba za kurasa. Na mswada wa mtu mwingine uliopewa uuhakiki usiupakie humo, ni siri ya watu.

Mwalimu, mhakiki wa pili amesema Kiingereza chetu kibovu, tumtafute mzungu atusahihishie. Nimeumia. Nijibu vipi? (Korogwe)

Pole, na mimi yaliwahi kunikuta. Lala kwanza, usijibu usiku ule.

Kisha soma tena. Mara nyingi mhakiki akishindwa kufuata mbinu husingizia lugha. Niliusoma mswada wako, mliandika "wagonjwa walichaguliwa". Na nani? Kati ya wangapi? Wangapi walikataa, wangapi walipotea? Hilo hata likiandikwa kwa Kiswahili sanifu cha pwani bado ni giza. Chukua STROBE, orodha ya vipengele 22 vya kuripoti tafiti za kuchunguza tu bila kumpa mtu tiba, na kila kipengele andika mbele yake ukurasa kilipo. Utayaona mashimo mwenyewe kabla ya mzungu yeyote. Kama kazi yako ni jaribio, orodha yako ni CONSORT, na mchoro wa kuonyesha washiriki walivyopungua hatua kwa hatua si pambo.

Barua ya majibu hunakili kila hoja ya mhakiki, na chini yake jibu, kisha namba ya mstari ulipobadilisha. Pale anapokosea, mwambie kwa heshima na kwa ushahidi. Kukubali kila kitu ili mradi upite ni hatari, nimeona watu wamebadilisha uchambuzi ukaharibika kwa kumwogopa mtu wasiyemjua jina.

Na jamani, barua ya kwanza kwa mhariri iangalieni. Nimewahi kupokea barua ya mswada iliyosifia jarida jingine kabisa.

Makala imekubaliwa, wanataka ada ya kuchapisha, maelfu ya dola. Nifanyeje?

Umeuliza ukiwa umeshachelewa. Msamaha wa ada huombwa wakati wa kutuma, na majarida mengi hayasikilizi baadaye. Waandikie hata hivyo, kukataliwa hakuna gharama. Wengine zingatieni hili: Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kwenye kundi la uchumi wa kati wa chini mwaka 2020, na wachapishaji wanaofuata orodha hiyo wanaweza kukupa punguzo badala ya msamaha kamili. Soma ukurasa wa ada kabla ya kuchagua jarida. Yapo pia majarida ya nyumbani, likiwemo Tanzania Journal of Health Research la NIMR. Msiyafanye kimbilio la mwisho baada ya kufukuzwa Ulaya.

Kwa nini tusiandike tafiti zetu kwa Kiswahili?

Swali la kulijaza gazeti zima. Kwa leo nauliza tu: zile kurasa mbili za matokeo kwa Kiswahili, za kumpelekea mwenyekiti wa kijiji aliyewaitia watu chini ya mwembe, umeshaziandika? Kwa hizo huhitaji jarida wala ada.

Mwalimu, nimekutumia mswada wangu kwa barua pepe. Ukiupitia nitakuweka mwandishi wa tatu. (Pangani)

Nimeupata. Hauna namba za mistari, jedwali la 2 na la 3 ni kitu kimoja, na ikisiri inataja watoto wengi kuliko waliomo kwenye matokeo. Rekebisha, nitausoma wiki ijayo. Jina langu liondoe leo.