Ng'ombe ana mimba ya miezi saba: achanjwe sasa au asubiri azae?

Mkuu, umeuliza kama huyo ng'ombe wako wa maziwa mwenye mimba ya miezi saba achanjwe sasa au asubiri azae. Nafuga hapa Rungwe, na jibu langu ni kwamba inategemea ni chanjo gani.

Kuna chanjo anayochomwa mama ili ndama ndiye anufaike, na wafugaji wengi hawaijui. Ndama huzaliwa karibu hana kinga, maana kinga ya mama haipiti kwenye kondo la nyuma kama kwa binadamu. Yote ataipata kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Ukimchanja mama dhidi ya vimelea vya kuhara (rota, korona na E. koli) wiki kadhaa kabla hajazaa, kinga hiyo hujikusanya kwenye dang'a. Mimi humkausha (naacha kumkamua) akibakiza miezi miwili, na daktari huchoma kipindi hichohicho. Nyingine zinataka marudio, kwa hiyo soma karatasi ya ndani ya boksi. Zamani kila masika ndama walikuwa wanaharisha bandani kwangu. Siku hizi ni nadra.

Ila sifa siipi sindano peke yake. Ndama wangu anapata dang'a lita 3 hadi 4 ndani ya saa 6 za kwanza, kwa chupa kama hanyonyi vizuri. Ikipita siku moja utumbo wake haupitishi tena hiyo kinga. Ukisubiri hadi kesho yake umechanja bure.

Wiki mbili tatu za mwisho muache apumzike. Karibu na kuzaa kinga ya ng'ombe hushuka, chanjo haishiki vizuri, na zile purukushani za kamba hazimfai mwenye tumbo kubwa.

Kuwa makini na chanjo hai, yaani zenye vimelea hai vilivyodhoofishwa. S19 ya ugonjwa wa kutupa mimba ni ya mitamba ya miezi 3 hadi 8. Akichomwa mwenye mimba anaweza kuitupa, sawa na ile chanjo ya Smithburn ya homa ya Bonde la Ufa. Wachanjaji wakipita kijijini, sema mapema kwamba ana mimba, usingoje waulize. Chanjo za kimeta, chambavu na ugonjwa wa miguu na midomo mimi huzimaliza kabla hajapandishwa.

Halafu angalia chanjo imebebwaje. Inatakiwa nyuzi 2 hadi 8, kwenye boksi lenye barafu. Anayekuja na chupa mfukoni mwa koti, mkaribishe chai tu.