Moshi wa tanuri la samaki kwa jirani: uanzie wapi

Dada uliyeuliza kama jirani hapo Kirumba, Mwanza, anaruhusiwa kubanika sangara kwa kuni uani kwake huku moshi unaingia chumba cha mtoto: haki unayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa afisa afya nguvu ya kushughulikia kero kama hiyo. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha afisa afya wa kata. Kirumba iko Manispaa ya Ilemela, usipoteze nauli kwenda Halmashauri ya Jiji la Mwanza.

Ila kwanza ongea naye, tafadhali, maana ndiyo riziki yake. Angalia kuni zake: zikiwa mbichi ndizo zinatoa ule moshi mzito mweupe unaowasha macho. Akitumia kavu, na tanuri la kuta za tofali lenye trei zilizofunikwa, moshi unapungua sana na kuni pia. Mchana upepo unatoka ziwani kupandisha moshi kwenu mlimani. Mwombe asiwashe saa hizo.