Kombora ndilo lililoamua ukubwa wa nyambizi

Swali la wiki liliuliza: kwa nini Umoja wa Kisovieti ulijenga nyambizi kubwa kuliko zote duniani, ilhali Marekani ilipakia makombora mengi zaidi ndani ya nyambizi isiyofikia hata nusu ya ukubwa huo? Wengi hujibu kwamba Moscow ilitaka kujionyesha. Sikubaliani nao. Jibu limo ndani ya kombora lenyewe: uzito wake, urefu wake, na fueli yake.

Tuanze na hesabu. Nyambizi ya mradi 941, ambayo Warusi huiita Akula na nchi za NATO huiita Typhoon, ilibeba makombora 20 ya R-39. Kila kombora lilikuwa na urefu wa mita 16 na, pamoja na kifaa chake cha kurushia, uzito wa tani 90. Nyambizi ya Ohio ya Marekani ilibeba makombora 24 ya Trident, toleo la kwanza, kila moja tani 33 hivi. Kwa hiyo upande mmoja una tani 1,800 za makombora, na upande wa pili hazifiki 800. Nyambizi inayobeba mzigo huo wa kwanza haiwezi kuwa ndogo, mhandisi awe hodari namna gani.

Ili kuelewa walivyofika hapo inabidi turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Septemba 1955, katika Bahari Nyeupe, nyambizi ya dizeli B-67 ilirusha kombora la R-11FM. Hilo ndilo kombora la balistiki (linalorushwa juu kisha kuangukia shabaha) la kwanza duniani kurushwa kutoka kwenye nyambizi. Lilifika kilomita 150 tu, na nyambizi ililazimika kuibuka kwanza. Ya kwanza ya Kisovieti kuunganisha nguvu za nyuklia na makombora ya balistiki, K-19 ya mradi 658, iliingia jeshini Novemba 1960 ikiwa na R-13 tatu ndani ya mnara wake, masafa yake kilomita 600. Nayo ilirusha ikiwa juu ya maji, baada ya kombora kuinuliwa hadi mdomoni mwa bomba la kurushia. Wakati huo Marekani tayari ilikuwa na nyambizi ya George Washington, yenye makombora 16 ya fueli mango, yaani fueli iliyomiminwa ikaganda ndani ya ganda la kombora. Julai 1960 ilikuwa imeyarusha ikiwa chini ya maji.

K-19 hukumbukwa kwa ajali, na ajali hiyo inastahili kuelezwa vizuri. Tarehe 4 Julai 1961, Atlantiki ya Kaskazini, mfumo wa kwanza wa kupoza kinu cha nyuklia cha ubavu wa kulia ulivuja. Presha ikaporomoka, pampu zikakwama. Fito za kudhibiti zilishuka inavyotakiwa na mmenyuko wa nyuklia ukakoma. Tatizo ni kwamba kinu kilichozimwa huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na joto hilo lisipoondolewa, fueli ya urani huyeyuka. Mfumo wa akiba wa kupeleka maji kwenye kinu haukuwapo. Mabaharia waliingia kwa zamu kwenye chumba cha kinu, wakachomelea bomba la kubuni papo hapo kwenye njia ya kutolea hewa, kisha wakasukuma maji safi kutoka matangi ya nyambizi. Kinu kilipoa. Wanane kati yao walikufa kwa mionzi ndani ya wiki chache. Wajuzi wa vinu wanaposisitiza maji ya akiba ya kupozea, wanazungumzia kosa la usanifu lililolipiwa kwa watu kama hawa.

Kurusha kutoka chini ya maji kulihitaji kutatua jambo moja gumu. Kombora la fueli ya kimiminika, kama yale ya Kisovieti ya wakati huo, huwasha injini yake likiwa bado ndani ya bomba. Kwanza nafasi kati ya kombora na bomba hujazwa maji ya bahari, shinikizo la ndani na la nje lilingane, ndipo kifuniko kifunguke. Ukiwasha injini ndani ya maji yaliyobana hivyo, mshtuko wa gesi unaweza kupasua kombora na bomba pia. Dawa yake ilikuwa kuacha hewa imefungwa chini ya kitako cha kombora, ili gesi ipate pa kutanukia. R-21 ilianza kutumika kwa njia hiyo mwaka 1963, masafa yake kilomita 1,400 hivi.

Halafu ikaja R-27, na hapa ofisi ya msanifu wa makombora Viktor Makeyev kule Miass, Urusi, ilifanya kazi nzuri sana. Injini ilizamishwa ndani ya tangi la fueli lenyewe, matangi yakatenganishwa kwa ukuta mmoja tu, mapezi yakaondolewa. Kombora lilijazwa fueli kiwandani na kufungwa kwa kulehemu, kwa hiyo mabaharia hawakuhitaji kulijaza asidi (kioksidishaji, yaani kinachounguza fueli) wakiwa baharini. Likatoka kombora la urefu usiofika mita 9 na uzito wa tani 14 tu. Ndiyo sababu nyambizi ya mradi 667A, iliyosanifiwa na Sergei Kovalev, iliweza kubeba 16. Ya kwanza, K-137, ilikabidhiwa Novemba 1967, na zikajengwa 34 huko Severodvinsk na Komsomolsk-na-Amure.

Udhaifu wa fueli ya kimiminika ulionekana wazi tarehe 3 Oktoba 1986, nyambizi ya Kisovieti K-219 ilipokuwa karibu na Bermuda. Maji ya bahari yaliingia kwenye bomba namba 6. Tetroksidi ya naitrojeni, kioksidishaji cha kombora, ikikutana na maji huzaa asidi ya naitriki, ambayo hula alumini. Na kioksidishaji kikigusa fueli ya haidrazini huwaka papo hapo, bila cheche. Bomba lililipuka. Sergei Preminin, baharia wa miaka 20, aliingia kwenye chumba cha kinu na kushusha kwa mkono mitambo ya kuzimia kinu. Alipotaka kutoka, tofauti ya shinikizo ilikuwa imebana mlango. Alifia humo. Nyambizi ilizama siku tatu baadaye.

Masafa ya R-27, kilomita 2,500, yalikuwa na kasoro nyingine: nyambizi ililazimika kusogea karibu na Marekani, ikipita penye vinasa sauti vya NATO vilivyotandazwa sakafuni mwa bahari, na nyambizi zenyewe zilikuwa na kelele. Badala ya kusubiri zitulie, Makeyev alirefusha mkono wa kombora. R-29, iliyoingia jeshini mwaka 1974, ilifika kilomita 7,800, ikisahihisha njia yake kwa kutazama nyota, kwa kuwa kosa dogo la kujua nyambizi iko wapi hukua sana kwenye safari ndefu namna hiyo. Kuanzia hapo nyambizi ingeweza kubaki Bahari ya Barents, ikilindwa na meli na ndege za nyumbani. Kwangu mimi hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kuliko hata Akula. Gharama yake ilionekana mgongoni: kombora la mita 13 halikuenea, ikabidi nyambizi iwe na nundu, na za kwanza zilibeba 12 tu.

Sasa Akula. Jeshi la majini lilitaka kuachana na kimiminika, lakini fueli mango ya Kisovieti ilikuwa na nguvu ndogo kwa kila kilo, na R-39 ilitakiwa kubeba vichwa 10 vya nyuklia kwa kilomita 8,300. Tani 90 zilitoka hapo. Kombora la mita 16 likisimamishwa ndani ya ganda moja linalohimili shinikizo, ganda hilo lingekuwa na kipenyo kikubwa mno, na nyambizi ingezama kina ambacho bandari hazina. Kovalev akalaza maganda mawili ubavu kwa ubavu, akapanga makombora katikati yake, mbele ya mnara. Upana ukafika mita 23. Na ile tani 48,000 inayotajwa kila mahali ni uzito wake ikiwa imezama. Juu ya maji ilikuwa tani 23,200. Zaidi ya nusu ya jitu hilo ni maji ya bahari yaliyo kati ya maganda yake. Nafasi hiyo yote ya kuelea ilisaidia kuibuka kwa kupasua barafu ya Aktiki.

Ushahidi wa mwisho ni mrithi wake. Kombora la Kirusi la Bulava lina uzito wa tani 36.8, na nyambizi ya Borei inayobeba 16 ina tani 24,000 ikizama. Kombora lilipopungua, nyambizi ilirudi nusu.