Mwasumini wako una majani tele na maua hauna? Ukate

Wengi wanaoniuliza kuhusu mwasumini hapa Ujiji wana mmea wenye afya kabisa: majani yanang'aa, matawi yamepanda ukuta, ila ua la kutunga kikuba, kile kishada cha kunukia wanachovaa wanawake, hulioni. Nikiuliza ulikatwa lini, naambiwa haujaguswa tangu upandwe. Wanauonea huruma.

Mwasumini huchanua kwenye machipukizi mapya, basi tawi la zamani lisipokatwa hurefuka tu. Mimi nangoja mkupuo mmoja wa maua uishe, halafu napunguza kila tawi theluthi moja, juu kidogo ya kifundo chenye majani. Hapo pembeni huchipuka matawi mawili, na vitumba huja kwenye ncha zake. Yaliyokauka na yanayosuguana nayang'oa shinani. Kukata kwa nguvu nafanya Oktoba, mvua zikinukia, machipukizi yakute maji.

Jua nalo ni lazima, nusu siku au zaidi. Mji wetu una miembe mingi na kivuli chake twakipenda, lakini usiupande humo.

Kuhusu mbolea, samadi iliyooza inatosha. Majivu, jamani, punguzeni! Yakizidi huondoa uchachu wa udongo, mmea ukashindwa kufyonza madini ya chuma. Utaona majani machanga yamekuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Yurea ikizidi nayo huleta majani matupu. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, tandaza nyasi kavu shinani na umwagilie asubuhi udongo wa juu ukikauka, bila kuacha maji yatuame.

Kuchuma ni alasiri, vitumba vikiwa vimejaa na kuwa vyeupe lakini havijafunguka. Hufunguka jioni, na usiku ndipo harufu inakolea. Ukingoja asubuhi, sehemu kubwa ya manukato imeshakwenda.

Mbegu usizitafute, mwasumini huu hutoa kwa nadra sana. Kata vipande vya sentimita 12 hivi kwenye tawi lisilo changa mno wala gumu mno, ondoa majani ya chini, vichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, kivulini, pasikauke. Baada ya wiki kadhaa vitashika mizizi. Otesha vingi uwagawie majirani, maana harusi ikikaribia wanaokuja kuomba maua ni wengi, na kichaka kimoja hakiwatoshi.