Urafiki wa barua jukwaani

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Dodoma. Kikundi chetu cha sanaa kinaandaa tamthilia kuhusu waandishi wawili walioandikiana barua kwa miaka mingi bila urafiki wao kuvunjika. Kila tunapofanya mazoezi, wahusika huketi na kusoma barua kwa zamu, na watazamaji huanza kupiga soga kabla hatujafika katikati. Tufanye nini?
Mwalimu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, shida haimo katika barua. Mwaka 2012, Yale Repertory Theatre ya Marekani ilionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia ya Sarah Ruhl, Dear Elizabeth, iliyojengwa kwa barua za washairi Elizabeth Bishop na Robert Lowell. Wawili hao walikutana mwaka 1947 na wakaandikiana hadi Lowell alipofariki mwaka 1977, ingawa kwa miaka mingi Bishop aliishi Brazil.

Kinachoshika mtazamaji hapo ni yale yaliyocheleweshwa na yale yaliyouma. Mwaka 1957 Lowell alimwandikia Bishop kwamba miaka tisa nyuma alikaribia kumwomba wafunge ndoa, lakini hakutamka. Mwigizaji anayepokea barua kama hiyo hapaswi kungoja tu zamu yake ya kusoma. Watazamaji wamwone akiisikia, akiikunja, akishindwa kuanza jibu. Mpe pia kazi ya mikono. Bishop alikuwa akibandika mashairi yasiyokamilika ubaoni, yakiwa na mapengo ya maneno ambayo hajayapata, na shairi lake moja, The Moose, lilimchukua zaidi ya miaka ishirini. Ubao wa namna hiyo ukikaa jukwaani, na neno moja likiongezwa kila baada ya barua kadhaa, miaka itaonekana ikipita bila msimulizi kuitaja.

Kisha kuna ugomvi, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Lowell alichukua barua za mke aliyeachana naye, akazibadilisha na kuzitia katika mashairi yake. Mwaka 1972 Bishop alimweleza waziwazi, kwa uchungu na kwa upendo, kwamba sanaa haina thamani ya kufikia hapo. Lowell alifanya marekebisho kadhaa, lakini kitabu kilitoka mwaka uliofuata barua hizo zikiwa bado ndani yake, na hata hivyo wawili hao hawakuacha kuandikiana. Wanafunzi wako bila shaka wamelelewa katika ngonjera, sanaa iliyoenezwa na Mathias Mnyampala, mwana wa Dodoma, ambamo wahusika hulumbana mpaka mmoja akubali kuwa amekosea. Malumbano hayo yatawasaidia sana kupandisha sauti na kujibizana kwa nguvu, lakini wazuie wasiyafikishe kwenye suluhu, kwa kuwa urafiki wa waandishi hawa uliendelea huku hoja yenyewe ikiwa haijaamuliwa.

Kama barua mnazotumia ni za watu halisi, ombeni kwanza kibali cha wenye haki. COSOTA, taasisi inayosimamia hakimiliki Tanzania, wanaweza kuwaelekeza.

Katika mazoezi yajayo, anzeni na barua ya ugomvi. Waweke waigizaji pande mbili za jukwaa, kila mmoja na meza yake, na umkataze anayelaumiwa kusema lolote mpaka mwenzake amalize kusoma yote.