Mota inazunguka kinyume, na waya hazifiki

Ndugu yangu wa Lindi, kwa swali lako la mota ya ndege yako ndogo ya rimoti kuzunguka kinyume, usihangaike. Waya tatu zinazotoka kwenye kidhibiti kasi (kifaa kati ya betri na mota kinachopanga kasi yake) kwenda kwenye mota isiyo na brashi hazina chanya wala hasi. Badilisha nafasi za mbili zozote, itageuka. Propela itoe kabla ya kuchomeka betri, maana inakata vidole.

Kinachonitia wasiwasi ni hilo la pili, kutaka kurefusha waya za betri ili kidhibiti kikae kwenye pua ya ndege. Tafadhali usifanye hivyo. Kidhibiti hukata na kuruhusu umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na waya ndefu upande wa betri huzua volti inayopanda ghafla na kuchosha kapasita zake (vijisehemu vinavyohifadhi umeme kidogo) mpaka kiungue. Kiache karibu na betri, urefushe zile tatu za mota kwa waya zenye unene uleule au zaidi. Nyekundu na nyeusi za betri ukizigeuza hata kwa sekunde moja, kidhibiti kimekwisha.

Viungo vya waya vichomelee kwa risasi ya kulehemu, kisha uvivike mpira unaosinyaa kwa joto. Kusokota na kuzungushia selotepu hakufai, hasa kwetu huku pwani ambako chumvi inakula shaba. Waya mmoja kati ya zile tatu ukilegea, mota inatetemeka tu bila kuzunguka. Kama huna vifaa, mpelekee fundi redio hapo mjini.

Na kidhibiti kiwe na uwezo kuliko mota: mota inayovuta umeme wa ampia 30, ipe kidhibiti cha ampia 40.