Nyanya alizokataa kuniuzia

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza msomaji anapunguzaje gharama anaponunua vyakula vya kilimohai, yaani vilivyolimwa bila dawa wala mbolea za viwandani. Nimelisoma mara mbili, kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili halikuanza na bei. Baba yangu alilima pamba mkoani Shinyanga, akapulizia dawa kwa bomba la mgongoni miaka mingi, kifua wazi, bila barakoa wala glavu, na sisi watoto ndio tuliomchotea maji ya kuchanganyia. Nilipopata mshahara wangu wa kwanza wa ualimu hapa Morogoro niliapa kwamba mboga ya wanangu sitaitoa mahali nisipopajua. Kwa hiyo naomba nijibu lile linalotangulia swali lenu: mnunuzi atajuaje kwamba hicho anachotafutia nafuu ni cha kilimohai kweli?

Kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa fupi: mjue anayelima. Nembo ya Kilimohai, iliyokuja baada ya nchi za Afrika Mashariki kupitisha kiwango cha pamoja mwaka 2007, niliiona kwenye pakiti za dukani nikaipita, maana niliamini kwamba kulipia nembo ni kulipia karatasi. Nilikuwa na mkulima wangu, mama mmoja ambaye bustani yake iko nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani. Alitwanga majani ya mwarobaini, akayaloweka usiku kucha na kuyanyunyizia asubuhi. Alimwaga majivu kwenye mashina. Samadi aliichukua kwenye zizi la jirani. Sado ya nyanya ilipokuwa shilingi 5,000 sokoni, yeye aliniuzia kwa 4,500 baada ya kuvutana kidogo, kwa kuwa hakuwa na nauli wala ushuru wa soko. Nafuu hiyo niliwasimulia walimu wenzangu kwa fahari.

Jumamosi moja ya mwezi Julai nilifika mapema nikiwa na ndoo mbili, kwa sababu siku ile tulitarajia ugeni wa wakwe. Nyanya zilikuwa zimeiva vizuri, ngozi nyororo, hakuna hata moja yenye tundu. Hilo peke yake lilitosha kunishtua, kwani wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nikichambua na kuacha nusu ya zilizokuwapo. Sikushtuka; niliinama nikaanza kuchuma. Yule mama akaacha jembe lake, akaja mpaka kwenye tuta, akanishika mkono. "Mwalimu, hizo usichukue. Nimezipiga dawa Jumatano."

Nilidhani nimesikia vibaya. Akaingia kibandani akatoka na chupa, tukaisoma pamoja chini ya mwembe, mimi nikimsomea yale maandishi madogo ambayo macho yake hayayapati tena. Kibandiko kilisema kwamba baada ya kupulizia, mkulima asubiri siku saba kabla ya kuvuna. Ilikuwa siku ya tatu. Akanieleza kuhusu kantangaze, yule mdudu aliyegunduliwa nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake hutoboa jani na tunda akakaa humo humo ndani. Maji ya mwarobaini, alisema, yalimpata aliye nje tu. Matuta mawili kati ya matano yalikuwa yameshakwenda, na mwanawe alikuwa anasubiri ada ya bweni. Nikamuuliza kama hii ni mara ya kwanza. Akajibu kwamba msimu uliopita pia alipuliza, mara mbili, na hakuwa ameficha. Ni mimi ambaye sikuuliza. Ni kweli. Kila Jumamosi nilimuuliza bei, na habari ya dawa sikumuuliza hata siku moja. Nilikaa pale karibu saa nzima, ndoo zikiwa tupu, nikipiga hesabu ya shilingi 500 nilizokuwa nikimpunguza kwa kila sado, msimu baada ya msimu.

Kabla ya Jumamosi ile ningewaambia wasomaji kwamba nembo ni kupoteza fedha. Sasa siwezi kulisema hilo. Nyuma ya nembo hiyo yako makundi ya wakulima wanaokaguana wenyewe kwa wenyewe: jirani huingia shambani mwa jirani, akatazama stoo, akauliza kilichopulizwa, na majibu yakaandikwa. Jirani anauliza lile swali ambalo mimi sikuliuliza. Kwa nyanya, kabichi na pilipili hoho, ambazo wadudu huziandama sana, siku hizi nalipia nembo. Na ili gharama ibebeke, walimu watatu tunagawana tenga moja na nauli yake.

Kwa matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda na magimbi silipii. Huku kwetu ni nadra mtu kuvipiga dawa, na matembele hata kwenye gunia lililojazwa udongo nyuma ya jiko yanastawi. Nafuu kubwa niliyoipata imetokana na kubadili mapishi. Wakati wa masika ukungu hushambulia nyanya na bei hupanda, lakini mboga za majani hujaa. Basi miezi ile natumia nyanya moja mahali pa tatu, naongeza nazi, na watoto wameshazoea. Nakiri kwamba ushauri huu ni wa mtu anayeishi chini ya milima ya Uluguru. Aliyeko Dar es Salaam asiubebe hivi hivi, kwani mchicha wa mabondeni unaweza kuwa haujaguswa na dawa na bado ukawa umemwagiliwa maji machafu ya mto.

Yule mama bado ndiye anayeniuzia matembele, na simpunguzi bei tena. Mwezi uliopita aliniuliza kuhusu yale makundi, kwani anafikiria kujiunga endapo atapata wanunuzi watakaomvumilia msimu ambao kantangaze atamla matuta. Nimemwahidi kununua sado mbili kila wiki kwa bei atakayoitaja, ziwe na matundu au zisiwe nayo. Wenzangu wawili wa lile tenga bado hawajanijibu.